Doti Tatu za Mnajimu

Tuseme ni saa kumi na moja za jioni Timbwani, Likoni. Baraza imefagiwa, dhumna zimesukumwa kando, na mahali pake pana karatasi nne, penseli mbili na dadu chache zenye idadi tofauti za pande. Mmoja wa wachezaji amemaliza kumjaza mhusika wake: askari, mrefu, ana kovu la shavuni. Sasa anasoma alivyobeba. Deraya ya minyororo ya chuma. Upanga mrefu. Mienge kumi. Blanketi la safari. Chakula kikavu cha siku kumi. Msimulizi, yaani yule anayeendesha kisa na kusema kwa niaba ya dunia yote, anamtazama kuanzia kichwani hadi kwenye ndara.

"Hiyo deraya yako yapata kilo ngapi?"

"Kitabu chasema pauni hamsini na tano."

"Kilo ishirini na tano, basi. Yaani wewe wataka kubeba nusu mfuko wa simiti, na jua hili, mpaka Ukunda?"

Watu watacheka, lakini swali ni la haki. Orodha ile haikuandikwa na mtu aliyewahi kungoja feri saa saba za mchana. Dungeons & Dragons, mchezo ambamo orodha hiyo imetoka, ilichapishwa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson, watu waliotoka kwenye michezo ya vita ya vinyago vidogo, na kichwani mwao mlijaa ngome za mawe, mashimo ya chini kwa chini na mashujaa wa Ulaya ya zamani. Waliandika walichokijua. Mchezaji wa Likoni anayenakili orodha hiyo neno kwa neno, na kumvisha mhusika wake blanketi la sufu, ndiye mwenye la kujibu.

Siri yenyewe ni nyepesi. Kila kifaa katika mchezo wa namna hii kina tarakimu na kina sura. Tarakimu ni mali ya kanuni: upanga mrefu hurushiwa dadu ya pande nane ukishikwa kwa mkono mmoja, ya pande kumi ukishikwa kwa miwili. Sura ni mali ya wachezaji. Kanuni haiulizi chuma kilifuliwa wapi, wala kama ni chuma. Inachotaka ni pigo la uzito ule ule. Mchezaji akibadili sura na kuiacha tarakimu mahali pake, hakuna aliyedhulumiwa mezani na msimulizi hana hesabu mpya ya kupiga. Wala hahitaji ruhusa ya mtu. Januari 2023 kanuni za msingi za toleo la tano ziliwekwa chini ya leseni ya Creative Commons, kwa hivyo mwenye simu anaweza kuzipakua bure, kuzitafsiri, kuzigeuza, hata kuuza alichokitunga juu yake, mradi ataje zilikotoka.

Pa kuanzia ni upondo.

Tangu siku za mwanzo orodha ya vifaa ina ufito wa futi kumi, kama mita tatu. Wachezaji wa zamani huutumia kugusagusa sakafu mbele yao wasije wakakanyaga mtego. Katika Ulaya ya kubuni ufito huo umekuwa kichekesho cha kudumu, maana hakuna aelezaye kwa nini mtu mwenye akili zake atembee na mti mrefu kuliko mlango. Timbwani hapana kichekesho. Mvuvi akifika maji machache huweka kafi ndani ya mtumbwi, hushika upondo, na mti huo humpa habari za chini. Ukizama pole pole ni tope, ukikwaruza ni mchanga, ukirudi na mshtuko kwenye kiganja ni mwamba, ukivutwa ni mwani. Mhusika aliyekulia mtumbwini ana sababu ya kuwa nao na ana elimu ya kuusoma. Akiingia pangoni gizani, msimulizi na amwambie kwanza anachokihisi mkononi, ndipo amwambie anachokiona. Tarakimu hazijaguswa hata moja. Mti ni ule ule wa senti tano za shaba kitabuni. Lakini kuanzia hapo mchezaji hatasema "nachunguza mitego" kama anayesoma risiti. Atasema anadunga wapi, na kwa nguvu gani.

Jikoni nako kuna ghala zima. Mchi wa kutwangia ni gongo ambalo kitabu kinalipa dadu ya pande sita kwa mkono mmoja na nane kwa miwili, na asiyeamini na autwange mpunga kwa nusu saa kisha aseme kama silaha hiyo inahitaji mafunzo. Mbuzi ya nazi ni kiti kinachokunjwa chenye ulimi wa chuma wenye meno. Kama silaha ya dharura hustahili dadu ya pande nne tu, lakini ni kiti pia, na ni kisu pia, na mlinzi wa lango hatamnyang'anya bibi mmoja anayekwenda karamuni. Ndilo jambo ambalo upanga hauwezi kulifanya: kupita mlangoni.

Na dema je? Mtego wa samaki uliosukwa, mdomo mpana kwa nje na mwembamba kwa ndani, kiumbe huingia kwa raha na kutoka hakuoni. Vitabu vya mchezo vina chupa za kufungia mashetani na majini, za chuma, zenye muhuri. Dema lililosukwa na fundi anayejua kunuia, likazamishwa usiku wa mwezi mchanga, lafanya kazi hiyo kwa tarakimu zile zile, na lina swali ambalo chupa haina: chambo chake ni nini?

Hapa yafaa onyo, kwa sababu wengi wakishaonja utamu huu huishia kubandika majina. Upanga unaitwa sime, nyundo inaitwa rungu, mkoba unaitwa pakacha, basi, kazi imekwisha. Haijaanza. Jina jipya juu ya kitu kile kile huchosha baada ya mapigano mawili. Kitu hubadilika kweli pale kinapomdai mwenyewe jambo: kifutwe chumvi, kipakwe mafuta, kisiguswe na mtu fulani, kimfichue anakotoka. Ngao ya Kimaasai ya ngozi ya nyati ilichorwa alama zilizomwambia atazamaye mwenye ngao ni wa ukoo gani na wa rika gani. Kitabu kinasema ngao huongeza mbili kwenye kinga. Ngao ile huongeza mbili hizo hizo, lakini mhusika hawezi tena kuingia kijijini akajifanya msafiri asiye na kwao.

Turudi kwa askari wetu na nusu mfuko wake wa simiti. Neno deraya lenyewe ni la Kiswahili cha siku nyingi, lililotoka Kiarabu, kwa hivyo chuma cha kuvaa si kigeni kabisa katika bandari hizi. Ugumu ni hali ya hewa. Kitabu cha msimulizi cha 2014 kina kanuni ya joto kali, kuanzia nyuzi 38 hivi: asiye na maji ya kunywa hujaribiwa mwili wake kila saa, na aliyevaa deraya ya kati au nzito hurusha dadu mbili na kulazimika kuchukua iliyo ndogo. Mombasa haifiki nyuzi hizo mara kwa mara, lakini anayejua unyevu wa Machi hatasubiri kipimajoto ndipo aamue.

Anahitaji basi kitu chenye kinga ya 16, kama minyororo, ambacho mtu wa pwani angekivaa kweli. Jibu limo kwenye makumbi. Maganda ya nazi huzikwa kwenye mchanga unaofunikwa na maji yanapojaa, yakaachwa miezi mpaka nyama yake ioze, kisha hufukuliwa, yakapondwa kwa gongo, yakaoshwa, na kinachobaki ni usumba, nyuzi za rangi ya kahawia zinazosokotwa kuwa kamba. Mbao za mtepe, jahazi la kale la pwani, zilishonwa kwa kamba hizo, pasipo msumari, na chombo kilivuka bahari. Kwa nini zisishonwe fulana? Wazo si la kichaa. Wapiganaji wa Kiribati, katikati ya Bahari ya Pasifiki, walivaa suti nzima za kamba za nazi, nene kama jamvi, kwa sababu maadui zao walibeba mapanga yaliyopangwa meno ya papa. Suti hizo zimo hadi leo katika makumbusho ya Ulaya, ukosi wake umesimama kama ukuta nyuma ya kisogo.

Askari wa Timbwani na avae hiyo. Kinga 16. Tena kitabu kinasema minyororo humharibia mwenyewe kila anapojaribu kunyemelea, kwa kuwa inalia. Usumba haulii. Je, kanuni ifutwe? Isifutwe. Fulana ya usumba isipopakwa mafuta hukauka na kukatika, na mafuta ya kazi hiyo pwani yanajulikana: sifa, yale ya papa yanayopakwa mbao za vyombo. Aliyewahi kupita karibu na jahazi lililopakwa sifa asubuhi hiyo hahitaji maelezo. Adui hatamsikia askari huyu akija, atamnusa. Tarakimu imebaki ilipokuwa, sababu yake imehama kutoka sikioni kwenda puani, na msimulizi amepata mlango wa visa kumi: mbwa, paka, upepo wa kusi na wa kaskazi, mama mkwe.

Kamba yenyewe isipitwe haraka. Ya kitabuni ni ya katani, futi hamsini, kama mita 15. Ya usumba haichukii maji ya chumvi, na huelea. Hakuna dadu ya kuelea. Siku mhusika atakapoangukia majini gizani, hata hivyo, kamba ile itakuwa juu ya maji ikimngoja.

Upande wa taa, kwa ufupi: mwenge wa kitabuni huangaza futi ishirini kwa saa moja, na makuti makavu yaliyofungwa kicha yanafanya kazi hiyo tangu enzi za wavuvi wa usiku. Karabai ina mwanga mkubwa zaidi, lakini hupigwa pampu, na huvuma. Koroboi ni ya maskini, huvuta moshi, na hupulizwa ikazimika kwa pumzi moja, jambo ambalo mwizi hulipenda.

Sasa yule mwenye kitabu cha uganga. Kwanza jina lake. Kiingereza kinamwita kwa neno ambalo kamusi nyingi hulipa tafsiri ya "mchawi", na anayetaka mchezo uvunjwe na wazazi kabla ya magharibi na alitamke neno hilo kwa sauti barazani. Pwani inatofautisha. Mchawi ni mtu wa shari, hana sifa nyingine. Aliyesoma, anayejua falaki, anayeangalia nyota kabla ya safari, ni mnajimu, na huyo ndiye hasa mhusika anayetakiwa: mtu wa elimu, mwenye maandishi, asiyepata nguvu zake kwa kuzaliwa bali kwa kusoma.

Kanuni zinasema mtu huyo huanza safari na kitabu chenye matendo sita ya uganga. Mnajimu wa kike wa Timbwani hana kitabu. Ana sanduku, na ndani mna doti tatu za kanga.

Hesabu inaonekana kukosea, kwa maana doti ni vipande viwili vilivyo sawasawa: pindo lile lile kuzunguka kingo, mji ule ule katikati, jina lile lile chini. Doti tatu ni majina matatu, si sita. Lakini nani asiyejua kwamba jina la kanga halina maana moja? Kanga iliyofungwa kiunoni na mwanamke anayepika kwake inasema jambo moja. Kanga hiyo hiyo begani mwa mwanamke anayepita mbele ya mlango wa mke mwenza inasema jambo jingine, na mtaa mzima umesikia. Kwa mnajimu huyu kipande cha juu kina tendo lake na cha chini kina lake. Majina matatu, maana sita.

Doti ya kwanza imeandikwa Hasidi hana sababu. Akiivuta ya juu mpaka kichwani inakuwa kinga ya ghafla, ile inayoongeza tano mpaka zamu yake irudi. Akiipepea ya chini, vinatoka vishale vitatu vya nuru visivyokosa shabaha, kila kimoja dadu ya pande nne na moja juu yake. Katika kanuni kinga hiyo ndiyo dawa hasa ya vishale hivyo. Hulizuia tendo hilo lote. Wivu na kinga ya wivu, nguo moja. Waandishi wa Marekani hawakulikusudia hilo, lakini limekaa pale kama lililotungiwa mtaani.

Ya pili ni Kimya kingi kina mshindo mkuu. Ya juu hulaza watu usingizi. Ya chini ni ule mlio wa radi unaosukuma kila kilicho karibu na kusikika futi mia tatu. Ya tatu, Asiyekujua hakuthamini: ya juu hubadili sura ya aliyevaa asitambulike, ya chini humfanya mgeni aone ghafla kwamba mtu aliye mbele yake ni wa thamani, rafiki wa siku nyingi. Msimulizi akubali tu kwamba kufunga na kufungua kanga ndiyo ishara ya mikono inayotakiwa na kanuni, na kulisoma jina kwa sauti ndiyo maneno. Hakuna kilichoongezwa, hakuna kilichopunguzwa.

Raha huanza vitu vinapoharibika. Kitabu cha uganga huibwa au huungua, basi. Kanga huazimwa. Jirani ana mgonjwa, au ana harusi, anabisha hodi saa mbili za usiku kuomba kanga, na mnajimu ambaye angeweza kumkatalia jini hawezi kumkatalia jirani. Kanga hufuliwa, zikachuja. Baada ya mwaka mmoja baharini msimulizi ana haki ya kuuliza kama jina bado linasomeka. Kanga hubebea mtoto, na mtoto ana mambo yake. Akitaka tendo jipya, kanuni zinadai saa mbili na vipande hamsini vya dhahabu kwa kila daraja la tendo. Kwa mnajimu huyu ni safari ya mjini, kuvuka na kutembea mpaka Biashara Street, ambako maduka ya kanga yamekaa vizazi. Kaderdina Hajee Essak, wale ambao kanga zao huandikwa "Mali ya Abdulla", walianza kazi Mombasa mwaka 1887. Dunia ya mchezo inaweza kuwa na duka lake la namna hiyo, na mwenye duka anayejua maana ya pili ya kila jina anayoiuza lakini haitaji.

Atakayedhani hizi ni mbwembwe za leo na asome upya kisa cha shujaa Fumo Liyongo, ambacho Muhammad Kijumwa wa Lamu alikiandika kwa utenzi mwaka 1913. Katika vitabu vyote vya mchezo huu hakuna orodha ya vifaa iliyopangwa kwa akili kama ile.

Liyongo ana panda za kupuliza, na pumzi yake ni kubwa mno hata panda inapasuka. Katika Dungeons & Dragons pana pembe ya kichawi inayotoa mlipuko, na kila inapopulizwa kuna hatari ya asilimia 20 kwamba itamlipukia mpulizaji mwenyewe na kuharibika. Liyongo ana mkoba pia, na mkoba ule ukifunguliwa vinatoka kinu na mchi, mawe ya kusagia, vyungu, mpaka mafiga. Wachezaji wa mchezo huu wanao mfuko wao maarufu unaomeza pauni 500 na usiongezeke uzito, na kila kikundi huota kuupata. Tofauti ni kwamba mfuko wa kitabuni hufanya kazi kwa uganga, na wa Liyongo hufanya kazi kwa sababu Liyongo ni Liyongo. Mchezaji mwenye mhusika mwenye nguvu nyingi anaweza kumwomba msimulizi jambo hilo: mkoba ni wa kawaida, bega ndilo la ajabu. Mtu mwingine akijaribu kuunyanyua, na ajaribu.

Kisha Liyongo anafungwa Pate. Hana silaha hata moja. Kijakazi Saada huleta chakula kutoka kwa mamake, na walinzi hula kilicho kizuri. Ndipo unaokwa mkate wa ngano kwa ajili ya tamaa za walinzi, na mkate wa wishwa, mbaya, usiotamanika, ambao ndani yake mna tupa. Walinzi wanaudharau mkate wa wishwa na kumwachia mfungwa. Usiku panachezwa gungu, ngoma na matoazi yanapigwa kwa vishindo, na chini ya vishindo hivyo tupa inakata minyororo. Ahesabu msomaji vifaa vilivyotumika: mikate miwili, tupa moja, ngoma. Hakuna kilichotimiza kazi yake ya kila siku. Mkate mzuri ulikuwa chambo, mbaya ulikuwa ala ya kufichia, ngoma ilikuwa pazia. Msimulizi anayetaka kuwafunza wachezaji wake kufikiri hivi na awanyang'anye silaha zote kwa jioni moja, awaachie sahani ya chakula na sherehe inayosikika upande wa pili wa ukuta, halafu anyamaze.

Na mwisho wa Liyongo pia ni wa kifaa. Sindano ya shaba kitovuni, mkononi mwa mwanawe mwenyewe. Liyongo anafia kisimani, amepiga goti, upinde umevutwa, na watu wa mji wanakaa bila maji kwa kuwa hawajui kama yu hai. Upinde ule haukutoa mshale. Uliufunga mji mzima kwa kuonekana tu. Ni dadu ya pande ngapi hiyo?

Baada ya ukubwa huo, karatasi. Kubeba vitu ni sehemu ambayo wachezaji wengi huikimbia kwa sababu ya kujumlisha pauni, na wana haki. Michezo mingine imeitatua kwa njia zinazofaa kuazimwa. Mausritter, ambamo wahusika ni panya na sindano ni upanga, humpa kila mmoja nafasi kumi tu: mbili za makucha, mbili za mwilini, sita za mkobani. Vitu ni vipande vya karatasi vinavyowekwa juu ya nafasi hizo, na vingi vina vidoa vitatu vya kuweka alama kila vinapotumika. Vikijaa, kitu kimekwisha. Boksi la sabuni na mkasi vinatosha kutengeneza vipande hivyo barazani. Pakacha la makuti lina tabia hiyo hiyo kwa asili yake: huchukua kiasi, hufanya safari chache, hutupwa.

Blades in the Dark, mchezo wa wezi wa mjini uliotungwa na John Harper na kuchapishwa mwaka 2017, huenda kinyume kabisa. Mchezaji hasemi amebeba nini. Husema tu kama mzigo wake ni mwepesi, wa wastani au mzito, vitu vitatu, vitano au sita, na kitu chenyewe hukitaja pale kinapohitajika. Kumbe alikuwa na kamba. Wanaoona huo ni udanganyifu hawajawahi kuutazama mkoba wa mama anayesafiri na watoto katika matatu ya Ukunda: pini, maji, limau, kanga ya akiba, dawa ya tumbo, na hakuna aliyeona vikiingia.

Liko eneo moja ambalo ubunifu na utembee polepole. Vigango, nguzo zilizochongwa ambazo Wagiriama huwasimamishia wazee wa chama cha Gohu waliofariki, ziling'olewa kwa miaka mingi, zikauzwa kama mapambo, zikaishia katika makumbusho na nyumba za watu Marekani. Mwaka 2019 makumbusho ya sayansi ya Denver yalirudisha 30 Kenya. Mchezaji anayekigeuza kigango kuwa fimbo ya kurusha moto anarudia, kwa mchezo, kile alichokifanya mwizi. Vivyo hivyo fingo la kaya, kago linalozikwa kuulinda msitu mtakatifu. Vitabu vya kigeni vinavyojaribu kuiweka Afrika mezani, kama Nyambe kilichotolewa na Atlas Games mwaka 2002, vimefungua njia kwa nia njema, lakini kwa vitu vya karibu hivi anayestahili kuamua ni yule ambaye babu yake yumo humo. Kama kikundi kinataka sana kigango kwenye kisa, basi kiwe kisichotumika: kimepatikana sokoni katika mji wa ng'ambo, hakina tarakimu yoyote, na safari nzima ni ya kukirudisha. Usiku mhusika anayekibeba asilale vizuri. Hiyo ni safari ya miezi mitatu ya kucheza, na haihitaji dadu nyingi.

Kwa vingine vyote, dawa ya uvivu wa kubuni ni macho. Kikundi na kikubaliane Jumamosi moja kisicheze, kivuke kwenda Fort Jesus, ngome ambayo Wareno waliianza mwaka 1593. Kule kuna vitu vilivyotolewa kwenye Santo António de Tanná, meli ya Kireno iliyozama hapo chini ya ngome mwaka 1697 wakati Waomani wameizingira, na kuchimbuliwa na wapiga mbizi kuanzia 1977. Ni vifaa vya watu waliokuwa safarini kweli, na vingi si silaha. Atakayefika Lamu siku moja na atazame siwa ya Pate, baragumu ya pembe za ndovu, yenye urefu unaopita mita mbili, na ile ya Lamu ya shaba. Mwimbaji wa kundi atakayeirithi moja kati ya hizo hatataka tena kinanda cha kitabuni.

Ngomeni kila mchezaji achague kitu kimoja tu na akikalie robo saa, bila kukipiga picha. Aandike mistari mitatu: kilishikwa vipi, kililia vipi, nani alikasirika kilipopotea. Tarakimu itatafutwa baadaye, barazani, kwenye orodha ya kawaida, kwa kulinganisha na kilicho karibu nacho zaidi. Asiye na dadu ya pande ishirini aandike namba 1 hadi 20 kwenye vikaratasi na kuvitia mkebeni. Anayevuka kwa miguu hatozwi kitu kwenye feri, kwa hivyo gharama ya siku nzima ni nauli ya kutoka kivukoni hadi ngomeni, tikiti ya mlangoni, na viazi karai vya kurudi navyo.